Benchi la Wafula

Nyinyi mnaoanza sasa kazi hii ya kuuguza akili za watu mna bahati. Mna simu zenye vitabu vyote ndani, mna washauri nasaha waliosomea, na mna madaktari wanaojua kusalimia. Siku niliyostaafu pale kliniki yetu ya Shauri Moyo walinipa blanketi na keki, kisha wakaniomba hotuba. Nikasema asanteni, nikaketi, maana watoto wa mfagiaji wetu walikuwa wameikodolea keki macho na mimi sina roho ya kuwatesa watoto. Sasa niko nyumbani Njiru, hakuna foleni mlangoni, miguu nimeinyoosha. Hotuba yenyewe ndiyo hii, na nitaitoa nikirukaruka kadiri mambo yanavyonijia.

Kuna zile karatasi za maswali ya kupima afya ya akili. Zilipokuja kwetu mara ya kwanza zililetwa na mwanafunzi wa ushauri nasaha, kijana msafi sana mwenye sauti ya mtangazaji wa habari. Mteja wake wa kwanza alikuwa mama mmoja muuza mitumba wa Gikomba, aliyekuja kwa sababu usingizi ulikuwa umemkimbia.

"Je, huwa unasikia sauti za watu usiowaona?" kijana akasoma.

"Kila siku," mama akamjibu.

Kijana akakaa wima. "Na sauti hizo husema nini?"

"Jana zilikuwa zinagombana juu ya bili ya stima."

"Je, zimewahi kukuamrisha ufanye jambo lolote?"

"Eeh. Huniambia nipunguze redio."

Nilitoka nje nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Anayejua zile nyumba za zamani za kaunsili ya jiji anajua kwamba ukuta ni mmoja, na jirani akipiga chafya unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Swali lililofuata lilikuwa kama anahisi watu wanafuatilia mambo yake. Hapo ndipo nilipoingia kumwokoa yule kijana, maana Shauri Moyo mtu akikujibu hapana kwa swali hilo, huyo ndiye wa kuchunguzwa.

Msije mkasema mimi, sista wenu, niliwaambia mtupe karatasi. Hapana. Maswali hayo yamepimwa na yanasaidia. Yamewahi kunionyesha huzuni nzito kwa watu waliokuwa wananichekea meno nje. Lakini mtu akikujibu ndiyo, usikimbilie kuandika. Muulize ni sauti za nani, na kama jirani naye anazisikia. Yule mama alikuwa na huzuni kweli, tuliigundua tulipouliza vizuri, na alipona.

Aliyenizoesha kuuliza swali la pili ni Mzee Mutiso, muuguzi aliyenitangulia pale kliniki. Alikuwa mrefu, mkali, na alichukia meza. Alisema daktari akiwa na kiti chenye mikono na mgonjwa akiwa kwenye stuli, mazungumzo yameshaharibika kabla hayajaanza. Kwa hiyo mgonjwa akiwa amekwama, yaani kila kitu kimejaribiwa na bado haponi, Mzee Mutiso aliburuta benchi mbili ndefu hadi ukumbi wa nyuma, akazielekeza moja kwa nyingine, na kuwaita watu wote walio na mkono katika maisha ya yule mgonjwa. Hakuna meza, hakuna kiti cha mkubwa.

Alikuwa na sheria tatu na hakuzibembeleza. Mgonjwa mwenyewe ndiye anayechagua watakaoitwa. Kila mtu aseme alichoona kwa macho yake, asiseme anachodhani. Na hakuna kumjibu mwingine mpaka wote wamalize. Wakati huo nilimwona kama mzee anayependa mikutano. Nje foleni imefika barabarani, ndani yeye anapanga benchi! Alipostaafu aliniachia zile benchi kama mtu anavyoachiwa shamba, na nikaendelea nazo kwa sababu hakuna aliyeniambia niache. Kisha akaja Wafula, na ndipo nilipoelewa nimeachiwa nini.

Wafula alikuwa fundi wa masanduku ya shule, yale ya bati ambayo kila mzazi huyalilia mwezi wa Januari mtoto akienda bweni. Alifanya kazi katika banda la jua kali karibu na Gikomba, chini ya Fundi Kamau. Baba yake alikuwa mtu wa reli na alikuwa ameshafariki. Aliishi na mama yake hapo hapo Shauri Moyo, mwanamke wa kutoka magharibi, mwimbaji wa kanisa, mwenye sauti inayoweza kuita mtu aliye Buruburu bila simu. Wafula aliugua akiwa kijana. Nyundo za banda zilianza kumsema. Alisikia kila pigo likitaja jina lake na kumtukana. Tulimtibu, akatulia, akarudi kazini.

Tatizo ni kwamba hakutulia akabaki ametulia. Kila mwaka, Februari ikiingia, alianza kuharibika, na kufikia Machi mama yake alikuwa anamleta akiwa amekonda, macho yakizunguka, hasemi na mtu. Daktari Akinyi, ambaye kwa cheo alikuwa afisa wa kliniki wetu lakini sote tulimwita daktari, binti hodari kuliko wengi niliofanya nao kazi, alimwongezea dawa. Wafula alipata nafuu, lakini dawa zilipozidi mkono wake ulianza kutetemeka. Fundi wa bati mwenye mkono unaotetemeka atafanya nini? Alikaa nyumbani. Akikaa nyumbani mama anamgombeza. Akigombezwa hali inazidi. Mwaka ukizunguka, Februari hiyo tena.

Machi moja mama alikuja naye na hakuketi.

"Sista, mimi nimechoka," akasema. "Nimekuja kuchukua barua ya kuonyesha hospitali ya huko kwetu magharibi. Baada ya Pasaka nampeleka nyumbani. Ndugu yangu amemjengea nyumba ya mbao nyuma ya jikoni."

"Nyumba ya namna gani, mama?"

"Nyumba ni nyumba. Iko na mlango, iko na kitanda."

"Na kufuli iko wapi?"

Akaangalia pembeni. "Iko nje."

Wafula alikuwa ameketi, kidole gumba kimefungwa kitambaa kwa sababu nyundo ilikuwa imempiga. Akaniangalia moja kwa moja akasema, "Sista, nikiingia hiyo nyumba sitoki."

Niwaambie ukweli, nilikasirika. Nilimkasirikia mama, nikamkasirikia huyo ndugu yake na mbao zake, nikaikasirikia dawa isiyofanya kazi. Lakini nimeshakaa na akina mama wengi, na najua mwanamke hafungi mwanawe kwa kufuli kwa sababu hampendi. Amechoka, anaogopa atamkuta amekufa barabarani, na hakuna aliyemwonyesha njia nyingine. Nikamwambia, "Mama, nipe wiki moja kabla ya hiyo barua." Akakubali kwa kunung'unika.

Nikamgeukia Wafula nikamuuliza anataka nani waje kwenye benchi. Akafikiri sana. "Mathe," akasema, akimwonyesha mama yake kwa kidevu. "Kamau. Mchungaji Shadrack. Na Daktari Akinyi, lakini asikuje na kalamu."

Msidhani kuwakusanya watu hao ni jambo dogo. Fundi Kamau alisema hajawahi kuitwa hospitali bila kuwa mgonjwa na hataki kuanza. Nikamwambia kama haji mimi nitaleta benchi bandani kwake, mbele ya wateja, na alijua siwezi kushindwa. Mchungaji Shadrack alidhani anaitwa kushtakiwa. Alikuja amevaa suti ya mazishi, Biblia mkononi, na tabasamu la mtu aliyejiandaa kwa vita. Daktari Akinyi aliacha kalamu kwenye droo, kisha kwa mazoea akawa anapapasa mfuko wa koti kila dakika.

Tuliketi alasiri, foleni ilipokwisha. Nikawasomea sheria za Mzee Mutiso. Wafula akaanza.

"Mkono inatetemeka," akasema. "Nikipiga nyundo inaenda mahali inataka. Mwaka huu niliharibu masanduku, Kamau akanitoa kwa nyundo akaniweka kwa rangi, na watoto wa juzi. Hiyo ndiyo nimeona."

Mama akafuata. Alisema anaona mwanawe halali, anatembea chumbani kama anayetafuta kitu kilichopotea, na yeye akiona hivyo anaanza kupiga kelele. "Napiga kelele kwa sababu naogopa," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

Fundi Kamau alikuna kichwa. "Mimi nikuambie tu ukweli, sista. Januari ni kazi, si mchezo. Kila mzazi anataka sanduku leo leo. Tunapiga kazi mpaka usiku, na huyu ndiye napenda kubaki naye, sababu hakuna mtu anapiga pembe ya sanduku safi kama yeye. Halafu Februari naona ameanza kugombana na bati. Mimi hufikiria alivuta kitu Krismasi."

"Ulichoona, Kamau, si unachodhani," nikamkumbusha.

"Sawa. Nimeona halali, na mimi ndiye namnyima usingizi." Akakuna kichwa tena. "Hiyo sikuwa nimeifikiria."

Ikawa zamu ya mchungaji. Alifungua Biblia, akaifunga. "Kanisa letu hufunga Januari yote," akasema. "Hatuli mpaka jioni. Wafula hufunga kuliko wazee wa kanisa. Mwanzo yuko sawa kabisa, anaomba vizuri. Mfungo ukiendelea anaanza kuongea peke yake. Mimi nimeona hii ni vita ya kiroho, kwamba yale mashetani hukasirika akifunga, kwa hivyo tumekuwa tukimwongezea siku."

Nilikuwa nafungua mdomo wangu, akanionyesha kiganja. "Najua, sista. Nilichoona. Nimeona anaharibika tukiwa katikati ya mfungo. Kila mwaka."

Daktari Akinyi alizungumza wa mwisho, mkono mfukoni ukitafuta kalamu. "Mimi humwona Machi," akasema. "Namuuliza mama kama anakunywa dawa, ananiambia anakunywa. Nikiona anakunywa na bado ni mgonjwa, naongeza."

"Na anakunywa!" mama akaruka. "Tangu mfungo uishe hajaacha hata siku moja. Mimi mwenyewe humpa asubuhi na chai."

Daktari Akinyi akamtazama. "Na wakati wa mfungo, mama?"

"Wakati wa mfungo si tunafunga, daktari? Asubuhi hakuna chai. Mtu atamezaje kitu na amefunga? Huwa nazifunga kwa kitambaa naziweka juu ya kabati mpaka tumalize."

Alisema hivyo bila kupepesa macho, kama mtu anayekuambia kwamba Jumapili duka halifunguliwi. Hakuwa anaficha chochote. Hakuna aliyewahi kumuuliza kuhusu Januari, na kwa watu wa kanisa lake kitu chochote kinachopita kooni kabla ya jioni kimevunja mfungo, kiwe ugali au kidonge. Na ikifika jioni, wanaenda maombini moja kwa moja, na kidonge cha asubuhi ni cha asubuhi.

Kamau alipiga mluzi wa chini. Mchungaji Shadrack aliweka mikono yote miwili kichwani. "Sikujua hata kama ana dawa," akasema. "Wafula, mbona hukuniambia?"

"Ningeambia kanisa aje, mchungaji?" Wafula akamjibu. "Kwamba nimeokoka na bado nameza dawa ya kichwa?" Halafu akamgeukia Daktari Akinyi, na uso wake ulikuwa wa mtoto anayeogopa kuamini. "Kwa hivyo si ati kichwa yangu imekataa dawa?"

"Hapana, Wafula," akamwambia. "Januari hatujawahi kuipa dawa nafasi."

Nilishusha pumzi ambayo nadhani niliivuta miaka mingi nyuma. Sikujua kama nicheke au nilie, na kwa sababu mimi ndiye niliyesimamia benchi nilijifanya napangusa miwani.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, vijana, maana hapa ndipo wengi huteleza. Kamau alikuwa ameshasimama. "Basi ni dawa," akasema, "ameze, tuende kazi." Mchungaji naye alikuwa anatafuta kofia. Mimi pia moyo ulikuwa umeshaenda nyumbani. Daktari Akinyi ndiye aliyetuketisha tena. Alisema kidonge cha Januari kinaeleza kwa nini anaanguka, lakini hakielezi mkono, wala usingizi, wala kelele za nyumbani, wala ile nyumba yenye kufuli nje. Tukishika kamba moja tukaziacha nyingine, mwakani tutakuwa tumeketi hapa tena. Alisema utafiti umeonyesha kwa miaka mingi kwamba mtu wa ugonjwa kama huu husaidika zaidi dawa inayomfaa ikienda pamoja na jamaa waliofundishwa kuishi naye, kazi anayoiweza, na mtu wa kuzungumza naye. Si dawa badala ya hivyo, wala hivyo badala ya dawa. Aliyasema kwa Kiswahili cha kueleweka, bila kujitia makuu, na nikamjivunia kana kwamba alikuwa binti yangu.

Kwa hiyo kila mmoja alichukua kitu kimoja, kimoja tu, na kiwe kitu ambacho wengine wanaweza kukiona. Shikeni hilo. Mtu akiondoka kwenye benchi na mambo saba, hafanyi hata moja. Akiondoka na jambo ambalo hakuna anayeweza kuliona, kama vile "nitampenda zaidi," hujui kama amelifanya. Daktari Akinyi alichukua mkono: angepunguza ile dawa polepole na kumjaribu kwa nyingine isiyotetemesha, inayomezwa jioni. Kamau alichukua usingizi: Wafula angetoka bandani jua likizama, hata Januari, na angerudishiwa nyundo akianza na masanduku madogo. Mama alichukua kelele: angekuja kila Alhamisi kwenye kikundi cha jamaa cha mshauri nasaha wetu. Mchungaji alichukua mfungo, akasema atautafutia maneno.

Nikamuuliza Wafula yeye anachukua nini. Alikaa akifikiri, kisha akacheka, na sikuwa nimemwona akicheka mwaka huo. "Mimi nitawaambia dalili," akasema. "Nikianza kurekebisha masanduku ya wenzangu bila kuitwa, mnilete kwa sista. Hiyo huwa kabla ya kila kitu."

"Kumbe!" Kamau akasema. "Na mimi hudhani ni bidii."

Mama hakuomba barua siku hiyo. Lakini hakunidanganya pia. Mlangoni alinishika mkono akaniambia, "Nitangoja Januari, sista. Ikipita vizuri, sawa. Akianguka tena, tunaenda nyumbani." Kwa hiyo ile nyumba ya nyuma ya jikoni ilibaki ikitungoja, na mimi nilikuwa nikiifikiria hata nikipika.

Mwaka huo ulikuwa na vituko vyake. Kwenye kikundi cha Alhamisi mama aliambiwa kwamba anapaza sauti, akasimama akapaza sauti, "Mimi sipazi sauti!" mpaka mtoto wa mama aliyeketi kando yake akaamka akilia. Kila mtu akavunjika mbavu, na yeye mwenyewe akaketi akicheka mpaka machozi. Tangu siku hiyo akiona sauti inapanda alijiwekea kiganja mdomoni.

Mshauri nasaha wetu naye alishindwa kabisa na Wafula chumbani mwake. Walikaa wakitazamana saa nzima kama watu waliogombana. Siku moja Wafula alisema ana haraka, anakwenda kununua bati, na mshauri akaamua kumsindikiza. Njiani akaongea yote: baba yake, aibu yake, zile nyundo zinazotukana, mbinu anazotumia kuzipuuza. Ikawa ndiyo desturi yao. Kuna watu hawaongei wakitazamwa usoni, na hao mtembee nao. Walichozungumza kilikuwa tiba kamili, hatua kwa hatua, jinsi mshauri alivyofunzwa chuoni, ila kilifanyika kati ya Shauri Moyo na Gikomba huku wakikwepa mikokoteni.

Kisha mwezi wa Oktoba simu ikalia. Ni Kamau. "Sista, leo anarekebisha sanduku ya mwenzake. Ya pili hiyo tangu asubuhi." Nikamwambia mwachie kazi ndogo, nakuja. Kumbe ile dawa mpya ilikuwa imeadimika, na mama, ili zisiishe, alikuwa anazikata nusu bila kutuambia. Sikumgombeza. Zingekuwa za mwanangu, mimi pia ningefanya vivyo hivyo. Daktari Akinyi alizitafuta mpaka akazipata, tukamwambia mama kwamba zikikaribia kuisha atupigie, asishike kisu, na Wafula aliacha masanduku ya watu baada ya muda mfupi. Miaka yote iliyopita tungekuja kulijua jambo hilo wakati ameshaanza kutembea barabarani. Nililala usingizi mtamu sana usiku huo, na nawaambia bila aibu kwamba niliimba nikioga.

Mtaniuliza Januari ilikuwaje. Ilipita. Wafula alipiga masanduku ya shule mpaka mzazi wa mwisho akaondoka na la kwake, akatoka kila jioni jua likizama huku Kamau akilalamika kwa wateja kwamba fundi wake mkuu ana saa za ofisini. Februari ikaingia, ikatoka. Machi mama alikuja kliniki peke yake, akaketi mwenyewe bila kuambiwa, akasema amempigia ndugu yake simu amwambie aweke mahindi katika ile nyumba. Nilimkumbatia, na mimi si mtu wa kukumbatia watu hovyo. Wafula yuko bandani mpaka leo. Ana siku mbaya, kama mimi na nyinyi, lakini hajaanguka tena.

Ila sitaki tuachane na hayo, kwa sababu kuna jambo nililoliona Jumapili ya kwanza ya mfungo huo, na ndilo lililonifanya nistaafu nikiwa na amani. Nilikwenda kanisani kwao. Nilikwenda kwa wasiwasi, niwaambie wazi. Mchungaji Shadrack alikuwa ameniambia amepata maneno, na nilikuwa naogopa maneno ya wachungaji.

Alisimama akatangaza mfungo, watu wakaitikia amina. Kisha akasema, "Sikizeni. Mtu yuko na dawa yake ya kila siku, ameze. Kumeza dawa si kufungua mfungo. Kama dawa inataka chakula, kula, mfungo wako Mungu ameupokea. Huko nyuma kwa chumba ya watoto kuna uji. Enda tu. Na mtu asiulize mwingine anaumwa nini."

Dawa mpya ya Wafula ilikuwa ya jioni na haikuhitaji uji, hakuwa na haja ya kusimama, na mimi niliomba asisimame, macho ya watu wote yasimwangukie. Akasimama. Alinyoosha koti lake, akatembea kwenye ujia wa katikati taratibu mpaka chumba cha nyuma, na kila mtu akamtazama. Baadaye aliniambia alitaka tu kuwe na mtu wa kwanza.

Kwa muda hakuna aliyefuata. Kisha nikasikia kiti kikisogea. Mzee mmoja wa kanisa, mtu wa heshima sana, akainuka akifunga vifungo vya suti. Akafuata mama mmoja wa kwaya. Akafuata mke wa mchungaji mwenyewe, na mchungaji kule mbele akabaki mdomo wazi, kwa sababu hata yeye hakuwa anajua. Wakaendelea kuinuka, huyu hapa, yule pale, mpaka foleni ikatoka nje ya mlango wa kile chumba cha nyuma. Wengine walikuwa na presha, wengine sukari, wengine kifafa, wengine mambo ambayo mimi peke yangu ndiye niliyeyajua, na nikaangalia sakafu nisije nikawatazama.

Mama yake Wafula alikuwa ameketi kando yangu. Alitazama ile foleni muda mrefu. Kisha akafungua mkoba, akapapasa ndani yake, na akasimama.

"Mama, unakwenda wapi?" nikamnong'oneza.

"Presha," akasema, bila kunitazama. "Yangu pia huwa naiweka juu ya kabati."

Akapita mbele ya magoti yangu, akaenda kusimama kwenye foleni. Wafula alimwona akija, akachukua kikombe, akamjazia uji.